Trekta Lilipochemka Katikati ya Uwanja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa trekta, nilipewa brashi. Ilikuwa brashi ya kufulia nguo, imeng'oka nywele upande mmoja. Fundi Mkuu wa karakana ya shule ya bweni pale Kitendaguro alifungua boneti ya trekta dogo la kukatia majani, akaniambia nichuchumae nitazame ndani.

“Unaona nini?”

“Naona vyuma, Ta.”

Ta ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita mwanamume tunayemheshimu, na yeye aliitwa Ta Rwechungura. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, Mkatoliki wa kutoka Muleba aliyefanya kazi kwetu Walutheri bila mtu yeyote kuona ajabu. Hakucheka jibu langu.

“Tazama vizuri. Hapo mbele, kabla ya feni.”

“Kuna kitu kama chekecheo.”

“Huo ni wavu wa rejeta. Sasa nisikilize, Adelina. Maji yanazunguka ndani ya injini yanabeba joto, yanakuja hapa kwenye rejeta, feni inavuta upepo unapita katikati ya mirija, maji yanapoa, yanarudi. Gari likichemka barabarani, mara nyingi limekosa maji. Trekta la kukata majani likichemka, mara nyingi limekosa pumzi. Majani yale yale linayoyakata yanapeperuka, mbegu zinanasa kwenye wavu, upepo haupiti. Linanyongwa na kazi yake lenyewe. Haya, piga brashi.”

Nilipiga brashi asubuhi nzima. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina mtoto mmoja mgongoni kwa mama yangu, na nilikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa pale kuendesha mtambo wowote. Mama yangu aliposikia kazi niliyopata alicheka mpaka akaketi. Maisha yake yote alikuwa amekwenda rweyani, yaani kwenye mbuga iliyo nje ya vijiji vyetu, kukata majani ya kutandaza chini ya migomba ya kibanja, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mfanyakazi.

Ninyi mnaoendesha matrekta madogo siku hizi mna taa nyekundu inayowaka na kengele inayolia. Letu lilikuwa na geji moja tu ya joto, duara dogo lenye mshale. Kushoto baridi, kulia hatari. Ta Rwechungura alinifundisha kuutazama mshale ule kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa. Alinifundisha kwamba maji ya rejeta hupimwa injini ikiwa baridi, asubuhi, kabla ya kitu kingine. Kwamba maji ya mvua ni bora kuliko ya mto, kwa sababu tope la mto huganda ndani ya mirija. Kwamba mkanda wa feni ukiubonyeza kwa kidole gumba uingie kidogo tu, ukilegea feni inazunguka kivivu. Kwamba visu butu humchosha mnyama, ndivyo alivyoliita trekta. Injini inavuta majani badala ya kuyakata, na joto linapanda bure.

“Majani yakiwa marefu utafanyaje?” aliniuliza siku moja, tumesimama kando ya uwanja wa mpira.

“Nitapunguza mwendo, Ta.”

“Na nini tena?”

Nikayatazama magurudumu.

“Nyanyua visu. Kata juu kwanza, zunguka, halafu rudi ukate chini. Anayetaka kumaliza mara moja ndiye anayemaliza injini. Na mshale ukipanda?”

“Nasimama. Nazima visu, lakini injini naiacha ingurume polepole, nimeelekeza pua kwenye upepo, mpaka ipoe.”

“Kwa nini usizime injini palepale?”

“Maji yatasimama kuzunguka, joto litabaki ndani.”

“Na kifuniko cha rejeta?”

“Hakifunguliwi kikiwa moto.”

“Hakifunguliwi,” akarudia, na akanitazama mpaka nikaona haya. “Hata akikuamuru askofu.”

Kutokana na mafunzo hayo akatengeneza daftari la trekta. Kila siku ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa mistari mitano: maji, oili, mkanda, wavu, visu. Mwendeshaji anakagua, anatia alama ya vema mbele ya kila mstari, anaweka sahihi. Ndipo anapanda. Alisema daftari ni ushahidi kwamba mtu ameinama akatazama. Nililipenda daftari lile. Nilikuwa mtu mwenye wasiwasi tangu utotoni, na alama zile tano zilinituliza kama sala.

Baada ya miaka michache Ta Rwechungura alihamishiwa hospitali ya kanisa upande wa Kagoma, wilayani Muleba, awe Fundi Mkuu wa pale. Hospitali ilikuwa na jenereta, pampu, magari mawili, na kiwanja cha ndege cha majani kwenye rweya tambarare nyuma ya wodi. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ikileta madaktari bingwa kutoka Mwanza kila baada ya muda, wanakaa siku mbili tatu, kisha inawachukua. Uwanja ulikuwa ukifyekwa kwa slasha za mkono na vibarua. Walipopata trekta dogo, Ta Rwechungura aliandika barua kuniomba. Kuna waliosema atafutwe mwanamume. Alijibu, nilisimuliwa baadaye, kwamba hajawahi kuona mwanamume anayeogopa mshale kama Adelina, na yeye anataka mtu anayeogopa.

Nikahamia Kagoma na mtoto wangu.

Kufyeka kiwanja cha ndege si sawa na kufyeka uwanja wa shule. Majani yakipita kimo fulani gurudumu la ndege linazama, ndege inavutwa upande. Jiwe moja, kichuguu kimoja, mbuzi mmoja, ni maafa. Nilikuwa nikitembea uwanja mzima kwa miguu kabla ya kukata, kisha nakata kwa vipande, kila nusu saa nasimama, nafungua boneti, nafuta wavu kwa brashi, naendelea. Kazi ya siku mbili nilikuwa naigawa siku tatu. Trekta halikuchemka hata mara moja.

Lakini nilikuwa na mkuu mwingine juu ya Fundi Mkuu, naye ni Katibu wa Hospitali. Alikuwa mtu wa haraka, mwadilifu, anayefika ofisini kabla ya wote. Ofisi yake ilikuwa na dirisha linalotazama rweya. Kila niliposimama, alikuwa akiniona.

“Adelina,” aliniambia mbele ya watu siku ya mkutano wa wafanyakazi, “trekta lako linapumzika kuliko mimi.”

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Lakini maneno yale yaliniingia. Toka siku hiyo kila niliposhuka kusafisha wavu nilihisi dirisha lile mgongoni, na nikaanza kuharakisha. Badala ya nusu saa, nikawa nasimama baada ya dakika arobaini. Kisha saa nzima. Mshale haukusogea, nami nikaanza kuamini kwamba pengine kweli nilikuwa mwoga tu.

Sasa nisimulie siku yenyewe.

Mvua za vuli zilikuwa zimekatika, majani yamepanda na kutoa mbegu, zile mbegu nyepesi zenye manyoya. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja, na wagonjwa walikuwa wameshajaa barazani tangu jana yake, wazee kwa vikongojo kutoka vijiji vya mbali. Nilikuwa nimekata nusu ya uwanja siku iliyotangulia, mvua ya ghafla ikanifukuza, nikaliingiza trekta bandani bila kulisafisha. Asubuhi saa moja nilipofungua boneti niliona wavu umevaa blanketi la mbegu, zimelowa, zimeshikana kama ugali uliokauka. Kuutoa uchafu ule kungenichukua nusu saa nzuri.

Katibu akapita nje ya banda.

“Ndege inatua saa nne, Adelina. Leo sitaki kusikia habari za mshale.”

“Ndiyo, Katibu.”

Nilichukua daftari. Maji, vema. Oili, vema. Mkanda, vema. Kalamu ilipofika kwenye wavu nilijiambia nitausafisha nikishamaliza mizunguko ya kwanza. Nikatia vema. Visu, vema. Nikaweka sahihi. Nikapanda.

Kwa saa nzima ya kwanza mshale ulikaa katikati. Kisha ukasogea, kidogo, upana wa ukucha. Ningeweza kusimama hapo. Ningeweza kunyanyua visu nikakata juu kwanza. Nilitazama dirisha la ofisi, nikatazama majani yaliyobaki, nikahesabu: mizunguko minane. Nikaendelea. Mizunguko sita, mshale umepita katikati. Mizunguko minne. Niliacha kuutazama mshale. Ndivyo nilivyofanya, vijana, baada ya miaka yote ile ya kuutazama: nilikaza macho mbele.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Ile dawa tunayochanganya na maji ya rejeta ina harufu tamu, na ukiisikia ujue inatoka. Mvuke ukapanda ubavuni mwa boneti. Injini ikakohoa. Kwa hofu nikazima palepale, kinyume na nilivyofundishwa, na trekta likasimama katikati kabisa ya uwanja, visu vimelala kwenye majani.

Ta Rwechungura alikuwa upande wa pili akifunga kile kitambaa cha kuonyesha upepo. Alikuja anakimbia, ameshika kidumu cha maji mkono mmoja na gunia mkono mwingine. Hapo hapo tukasikia ndege. Ilikuwa mbali bado, juu ya ziwa, sauti kama ya nyuki kwenye chupa.

“Imechemka?”

“Imechemka, Ta.”

“Ulisafisha wavu?”

Alikuwa ananitazama machoni. Nyuma yake kulikuwa na wagonjwa waliosimama kutazama ndege, na Katibu amekwisha kutoka ofisini anakuja kwa hatua ndefu.

“Nilisafisha,” nikasema.

Uso wake ukatulia, uso wa mtu aliyepata jibu la hesabu.

“Basi limevujisha maji. Tuliongezee kidogo, liwake dakika mbili tu, linyanyue visu, litoke hapa.”

Alikunja gunia mara mbili, akaliweka juu ya kifuniko cha rejeta, akainama. Nilitaka kusema. Naapa mdomo wangu ulifunguka. Ndege ilikuwa inakaribia, Katibu anaita kitu ambacho sikukisikia, na mkono wa Ta Rwechungura ukazungusha.

Kifuniko kiliruka na maji yakafuata. Hayakuwa mengi. Watu hudhani ni lazima yawe mengi. Yalimpata mkono, shingo na upande wa kushoto wa uso. Hakupiga kelele, alikaa chini kwenye majani, ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Nilichukua kile kidumu nikaanza kumwagia maji baridi usoni, naendelea, naendelea, sijui nani alinifundisha.

Mlinzi, Katibu, na akina mama waliokuwa wakipita na mizigo ya majani walilisukuma trekta mpaka pembeni kwa mikono yao, visu vikiburuta na kuchora udongo. Kumbe liliwezekana kusukumwa. Ndege ilizunguka juu yetu mara mbili, ikatua. Mgonjwa wa kwanza wa madaktari wa macho siku ile alikuwa Fundi Mkuu.

Jioni, wakati watu wote wako wodini, nilikwenda kwenye trekta nikasafisha wavu. Nilipiga brashi mpaka vidole vikatoka damu. Ningependa kusema nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini akili yangu ilikuwa timamu kabisa: nilijua kesho yake Katibu angekuja kukagua.

Alikuja. Akafungua boneti, akaona wavu safi. Akafungua daftari, akaona vema tano na sahihi.

“Mwendeshaji hana kosa,” alisema. “Fundi mzima kufungua rejeta ya moto! Huo ni uzembe.”

Nikafunga boneti.

Ta Rwechungura aliokoka, lakini jicho la kushoto lilibaki na ukungu. Kwa jicho hilo aliona mwanga na vivuli tu. Alipotoka wodini alikabidhiwa barua ya onyo, akavuliwa cheo cha Fundi Mkuu, akapelekwa Kimwani kwenye shamba la kanisa kutunza pampu ya maji. Katika ofisi hakujitetea, ndivyo nilivyosikia. Siku anaondoka na mkewe, Ma Paskazia, na vyombo vyao juu ya gari, nilijifanya nina kazi mwisho wa uwanja. Niliona gari linapinda barabara. Hakuna kitu nilichokuwa nakata.

Miezi michache baadaye nikapewa cheo: Msimamizi wa Viwanja na Mitambo Midogo. Nilikishika mpaka nilipostaafu.

Nisiwafiche jinsi nilivyokuwa msimamizi. Nilikuwa mkali. Hakuna aliyepanda trekta bila mimi mwenyewe kupitisha kidole kwenye wavu. Nilibadilisha mikanda kabla haijalegea, mipira ya maji kabla haijapasuka. Nilinunua brashi mpya kila mwaka. Nilifuta ile desturi ya kutia alama kabla ya kazi bila shahidi. Nikaweka sahihi mbili, ya mwendeshaji na ya anayemwona. Niliweka kibao pembeni ya banda: trekta likichemka, hakuna anayegusa kifuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta ubonyezeke kwa vidole bila kuunguza. Makatibu waliofuata walinisifu. Wakasema hospitali haijawahi kupata mtu makini kama Ma Adelina.

Nyumbani nilikuwa mtu mwingine. Sufuria ikianza kutokota nilikuwa natoka jikoni. Binti yangu Koku alijifunza kupika mapema kwa sababu hiyo, akidhani mama yake anachukia moshi. Kila ndege ilipokuwa inakuja, nilikuwa na uhakika kwamba leo ndiyo siku mtu atafungua daftari la zamani na kuuliza. Nilikuwa nikipata habari za Ta Rwechungura kupitia madereva: amejenga, ameozesha binti, ameacha kuendesha baiskeli kwa sababu ya jicho. Kimwani si mbali. Kila Krismasi nilisema mwaka huu nitakwenda. Kila Pasaka nilisema hivyo hivyo.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ndogo kwenye ukumbi wa hospitali. Katibu wa sasa, kijana ambaye hakuwepo siku zile, alisimama akasema kwa miaka yote ya utumishi wangu daftari la trekta halina doa. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika soda, nikampa Koku. Nilirudi Kitendaguro kwenye kibanja cha mama yangu, marehemu sasa, nikakaa wiki tatu. Wiki ya nne nikaenda Kimwani.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba anachagua maharage, uso ameugeuza kidogo ili jicho zima liwe mbele. Ngozi ya shingo ilikuwa laini, inang'aa, kama karatasi. Nilipopiga hodi alinitambua kwa sauti.

“Adelina! Karibu, waitu, karibu.”

Waitu ni neno la upole katika Kihaya, la kumkaribisha mtu moyoni. Lilinichoma. Ma Paskazia akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyotakiwa mgeni anapofika, akanisalimu, akarudi jikoni ambako mlango ulikuwa wazi. Nilitia punje moja mdomoni, nikaitoa, nikaishika mkononi.

“Ta,” nikasema, “siku ile sikusafisha wavu.”

Aliendelea kuchagua maharage.

“Nilitia alama ya uongo. Na uliponiuliza nikakudanganya. Ungejua ni wavu usingetafuta maji, usingefungua kifuniko.”

“Najua,” alisema.

“Unajua nini, Ta?”

“Niliona. Mkono ulikuwa umeshaanza kuzungusha, nikatupa jicho chini, nikaona zile mbegu zimejaa. Nikasema moyoni, kumbe amenidanganya. Halafu maji yakaja.” Alitoa jiwe kwenye maharage akalitupa. “Hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho jicho hili liliona vizuri.”

“Kwa nini hukumwambia Katibu?”

“Ningesema, wangekufukuza siku ile ile. Mwanamke wa kwanza, niliyemwomba mimi kwa barua, na mtoto. Mimi wangenihamisha tu.” Sauti yake ilipobadilika ndipo nilipomwogopa. “Lakini Adelina, nilikaa wodini wiki sita. Ulikuwa unapita dirishani. Nilikuwa nasikia trekta lako. Sikungoja uniombe radhi. Nilingoja uje unisalimie.”

Hapo ndipo Ma Paskazia alipotoka jikoni. Alikuwa ameshika mwiko. Alikuwa amesikia yote, na nikaona kwenye uso wake kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuyasikia.

“Kweli hayo?” alimuuliza mumewe.

Akainamia maharage yake.

“Miaka yote hii,” akasema, “nilikuwa nakuita mzembe. Mbele ya watoto. Nikikosa chumvi nakwambia, wewe uliyefungua rejeta ya moto utakumbuka chumvi? Na wewe unanyamaza?” Kisha akanigeukia mimi. “Na wewe umeshika cheo chake.”

Hatukula pamoja siku hiyo. Nilikula mimi na Ta Rwechungura. Ma Paskazia alibaki ndani. Lakini jua lilipoanza kushuka alijifunga kitenge akanisindikiza, kwa sababu mgeni hasindikizwi na mlango. Tulitembea hadi njia panda bila neno. Pale akasimama.

“Ukirudi hapa, uje na karatasi,” alisema. “Maneno ya barazani nimechoka nayo. Onyo lake liliandikwa.”

Niliandika barua. Niliipeleka kwa Katibu wa sasa mwenyewe, nikakaa mbele ya meza yake wakati anaisoma. Aliisoma mara mbili.

“Mama, hili ni jambo la zamani sana. Unataka nini hasa?”

“Nataka iwekwe kwenye faili lake, juu ya ile ya onyo. Na nakala ipigwe muhuri, nimpelekee.”

Nikafikiri atanikatalia, au ataita mwanasheria. Mwishowe akamtuma karani alete faili. Onyo lilikuwamo bado, karatasi imegeuka rangi. Kijana yule alinitazama, na macho yake hayakuwa yale ya siku ya sherehe. Hayajarudi kuwa vile mpaka leo, na sidai yarudi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa tena Kimwani. Ma Paskazia alikuwa ameita watoto wao wote watatu, watu wazima na waume na wake zao, wamejaa sebuleni. Hakunipa kiti hata nilipofungua bahasha.

“Soma,” alisema. “Kwa sauti.”

Nikasoma. Nilisoma kuhusu mvua ya jana yake, mbegu kwenye wavu, alama ya uongo, swali na jibu langu. Nilipotea mstari mara mbili, na hakuna aliyenisaidia. Nikafika mwisho, mahali nilipoandika kwamba kwa sababu hizo ajali yote ilitokana na mimi, na kwamba Fundi Mkuu hakuwa na kosa lolote.

“Simama hapo,” alisema Ta Rwechungura.

Wote tukamgeukia. Alikuwa amekaa wima kabisa, mkono wenye kovu juu ya goti.

“Hilo la mwisho si kweli. Likate.”

“Ta, mimi ndiye...”

“Wavu ni wako. Uongo ni wako. Lakini kifuniko hakifunguliwi kikiwa moto, wavu uwe safi au mchafu, ndege iwe inakuja au haiji. Nani alikufundisha hilo?”

“Ni wewe, Ta.”

“Basi nilijua, nikafungua. Nilikuwa na haraka kama wewe. Sikuficha kosa lako miaka yote hii ili uje uniibie langu.” Akamwelekeza mkewe kwa kidevu. “Mpe kalamu.”

Ma Paskazia alikwenda chumbani, akachelewa, akarudi na kalamu ya mmoja wa wajukuu. Akanipa. Kisha akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka mezani, karibu na kile cha mumewe, akaniambia niketi niandike vizuri.